Ahadi Itangulie Urithi

Wanafunzi wengi wa kompyuta huweza kukariri kwamba polimofizimu ni jina moja lenye sura nyingi. Lakini wakipewa tatizo halisi, huandika mlolongo mrefu wa masharti. Kwa maoni yangu, kasoro haimo katika akili ya mwanafunzi, bali katika mpangilio wa somo.

Tuchukue mfano wa programu ya kupokea ada ya shule. Mzazi mmoja hulipa benki, wa pili kwa simu, wa tatu kwa fedha taslimu. Mwanafunzi asiyefunzwa vema ataandika sharti kwa kila njia: katika mapokezi, katika stakabadhi, na katika ripoti. Siku itakapozuka njia ya nne, itambidi aifumue programu nzima. Na sharti moja likisahauliwa, mtoto atarudishwa nyumbani ilhali ada yake imelipwa.

Kiolesura huondoa adha hiyo. Ni orodha ya amri ambazo kila njia ya malipo huahidi kuzitekeleza: pokea, thibitisha, toa stakabadhi. Programu kuu husema "thibitisha" tu, na kila njia hutekeleza kwa namna yake. Hiyo ndiyo polimofizimu.

Mizizi ya fani hii imo katika lugha ya Simula 67, iliyobuniwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Humo aina moja ya vitu iliweza kurithi nyingine, na hata leo mafunzo mengi huanza na urithi. Java, iliyotolewa mwaka 1995, ilikipa kiolesura nafasi yake yenyewe.

Hata hivyo, kompaila hukagua majina ya amri na aina za data. Haijui kama ahadi imetimizwa. Njia inayojibu "imethibitishwa" kabla fedha hazijafika ni mwongo aliyevaa sare. Barbara Liskov alilieleza jambo hili mwaka 1987: kinachowekwa mahali pa kingine hakina budi kutenda kama kinavyotarajiwa.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tuanze na ahadi, urithi ufuate. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili sanifu kila amri inaahidi nini, na ni wakati gani inapaswa kukataa. Asiyeweza kuieleza ahadi hataweza kuitimiza.