Nondo wa pamba atambuliwe kabla ya bomba kujazwa

Ukitaja nondo pale Dutwa, wilayani Bariadi mkoani Simiyu, wengi watafikiria vyuma vya kujengea. Mdudu mwenye jina hilo hana umaarufu wowote. Anayejulikana ni mwanawe, funza wa vitumba, ambaye kila msimu wa pamba humtwisha mkulima bomba mgongoni na kumfanya aulizie ekapaki, yaani vipimo vya dawa vya ekari moja.

Hapo ndipo penye kasoro: mkulima anapigana na mtoto bila kumjua mama.

Mama huyo, Helicoverpa armigera kwa jina la kitaalamu, ni mnene, ana rangi ya majani makavu, na akitanua mabawa hafiki mbali na sentimita nne. Bawa la mbele lina doa jeusi mithili ya figo. La nyuma limepauka, ukingo wake mweusi. Hutoka usiku kunyonya utamu wa maua, kisha hutaga yai moja hapa, jingine kule, na jike mmoja huweza kupitisha mayai elfu moja. Yai ni jeupe, dogo kuliko kichwa cha pini, na kwenye joto huanguliwa kwa siku tatu hadi tano. Siku hizo chache ndizo za thamani. Funza akishatoboa tumba na kuingia ndani, dawa humpata kwa shida.

Rangi ya funza nayo isimdanganye mtu. Yupo wa kijani, wa kahawia, hata wa pinki, na wote huweza kuwa wa tumbo moja. Baada ya wiki mbili tatu hujichimbia udongoni kuwa pupa, sentimita chache tu chini ya miguu. Dutwa, inayotajwa sana kwa nikeli yake, ina pia hazina hii ya udongoni isiyotakiwa na mtu.

Pamba isipokuwepo, funza hafi njaa. Atakula mahindi, mtama, nyanya, dengu na alizeti. Alizeti anaipenda mno, maua hadi mbegu changa.

Uroho huo unaweza kutumika dhidi yake. Wilayani Meatu, mkoa huohuo wa Simiyu, wakulima wa pamba ya kilimo hai chini ya bioRe, mradi ulioanza mwaka 1994, hupanda alizeti katikati ya pamba iwe mtego. Bariadi ina sababu gani ya kutoiga? Kupuliza kwa kufuata kalenda, mdudu awepo asiwepo, humaliza fedha na kuua pia sisimizi na nyigu wanaokula mayai na funza bila kudai malipo. Afisa ugani akifika kijijini aanze shambani, jani kwa jani, kabla ya kutaja dawa.

Ila alizeti haipandwi ikasahauliwa. Isipokaguliwa, na funza wasipookotwa kwa mkono wakiwa bado wadogo, mtego hugeuka kitalu, na kizazi kinachofuata kitaamkia kwenye pamba ya jirani.