Mota Iliunguza Bodi, Mtoto Akalaumiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya vifaa vya kuundia roboti vinavyoletwa katika shule zetu za msingi za vijijini.

Mwaka jana klabu yetu ya sayansi ilipata msaada wa kasha moja la vifaa hivyo. Ndani mlikuwa na bodi ya Arduino Uno, nyaya, magurudumu na mota mbili kama zile za magari ya kuchezea. Mimi, ambaye chuoni nilijifunza betri, waya na balbu tu, nilimwelekeza msichana mmoja wa darasa la sita achomeke nyaya za mota moja kwa moja kwenye pini za bodi. Mota ilitikisika kidogo, ikanyamaza. Tangu saa ile bodi haikufanya kazi tena. Nilimgombeza mtoto yule mbele ya wenzake kwamba amegusanisha nyaya. Wenzake wakamwita "Mchoma Bodi", naye akaacha kuja kwenye klabu.

Kumbe mkosaji nilikuwa mimi. Fundi redio wa gulioni ndiye aliyenifumbua macho. "Mwalimu," aliniambia, "umemfunga mbuzi kwenye mkokoteni wa ng'ombe." Pini ya bodi ile imekusudiwa kutoa umeme wa miliampia 20 hivi, na 40 ndio mwisho wa uvumilivu wake. Kiasi hicho chatosha kuwasha taa ndogo. Mota huweza kutaka mamia ya miliampia, na gurudumu likikwama hutaka zaidi. Isitoshe, mota inapozimwa hurudisha nyuma umeme wa ghafla unaoweza kuiharibu bodi.

Dawa yake ni bodi ya nyongeza ya kuendeshea mota, ambayo hupachikwa juu ya ile ya kwanza. Ile ya Arduino yenye chipu ya L298 huendesha mota mbili, kila moja hadi ampia 2. Nguvu ya mota hutoka kwenye betri zake, na pini hutoa amri tu: nenda, rudi, simama, ongeza mwendo. Dayodi zake huupokea ule umeme unaorudi usilete madhara. Katika kasha letu bodi hiyo haikuwemo, wala karatasi ya maelezo kwa Kiswahili.

Ndugu Mhariri, nawaomba wanaotoa misaada hii na wanaoipokea kwa niaba ya shule wahakikishe kila kasha lenye mota lina bodi ya kuziendeshea pamoja na betri zake. Pili, walimu tupewe mafunzo, hata ya siku mbili, kabla kasha halijafunguliwa. Kumpa mwalimu mota bila bodi hiyo ni kumpa jembe lisilo na mpini.

Kwa walimu wenzangu nasema hivi: kifaa kikiungua, tujiulize kwanza sisi tulielekeza nini. Nilisimama mbele ya darasa nikamwomba msichana yule radhi. Amerudi kwenye klabu, lakini kila nimpapo waya hunitazama kwanza usoni kabla ya kuugusa. Woga huo niliuleta mimi, na hakuna msaada wa kuuondoa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kongwa.