Dalali Asile Fedha ya Mwenye Ng'ombe

NENO LA JUMA
Na Paskali Gwandu Tarmo, Tumati

Hapana ubishi kwamba chama cha watu wa taaluma, kiwe cha wanasheria, cha madaktari, cha wauguzi au cha wahasibu, hakiwezi kuishi kwa ada ya wanachama peke yake. Kwani ada hukusanywa kwa taabu na aghalabu huchelewa, ilhali kodi ya ofisi na mishahara ya watumishi havingoji. Kwa sababu hiyo vyama vingi vimeunda idara ya biashara, ambayo kazi yake ni kuandaa makongamano na kutoa machapisho, na kuyafanya mambo hayo mawili kuwa chemchemi ya mapato. Simo miongoni mwa wanaoiona kazi hiyo kuwa aibu. Chama kisicho na fedha yake huwa mateka wa mfadhili, na mateka hana kauli. Ninalotaka kulinena juma hili ni kwamba katika biashara hiyo bidhaa yenye thamani kupita zote ni mwanachama mwenyewe, na mwenye kuuzwa ana haki ya kuijua bei.

Tuitazame kazi yenyewe. Miezi mingi kabla ya mkutano wa mwaka, watumishi wa idara hiyo huyaandikia mabenki, makampuni ya bima na wauzaji wa dawa na vifaa, wakiwapangia madaraja ya udhamini kwa majina ya shaba, fedha na dhahabu, pengine hata tanzanaiti ya mkoa wetu huu wa Manyara. Mdhamini wa daraja la juu hupewa wasaa wa kusema mbele ya hadhara, jina lake huchapwa juu ya mkoba, na banda lake husimamishwa karibu na mlango, mahali ambapo hapana awezaye kwenda kunywa chai bila kulipita. Katika jarida nako, jalada la nyuma lina bei yake na ukurasa wa ndani una yake. Mwenye kulipa hanunui turubai wala karatasi. Ananunua macho na masikio ya watu ambao kalamu zao huagiza dawa, huidhinisha hesabu na hushauri wateja. Pasipo watu hao ukumbi ni viti vitupu, na jarida ni wino tu.

Tena soko hili lina wateja wasio na hiyari kamili. Daktari au muuguzi wa nchi hii hahuishi leseni yake pasipo alama za mafunzo endelevu, na kongamano ni mojawapo ya njia za kuzipata. Sheria ilikusudia elimu, na ilikusudia vyema. Lakini mahali ambapo mnunuzi hawezi kukataa, muuzaji hana budi kuwa na insafu maradufu.

Nimeishika mkononi shajara ya chama kimoja, nisichokitaja jina, iliyomfikia muuguzi wa huku kwetu mwezi Machi, mwaka ukiwa umekwisha kuliwa robo. Nembo ya mdhamini imekaa katikati ya jalada kwa rangi ya dhahabu. Nembo ya chama iko chini pembeni, na kuisoma kwataka miwani. Na ndani, matangazo yameitangulia kalenda. Mkutano wenyewe ulifanyika Arusha, na atokaye Tumati kwenda huko ana safari ndefu, na hana budi awe na nauli, fedha ya malazi na ada ya ushiriki, huku zamu yake kwenye zahanati haina wa kumshikia. Muuguzi yule hakwenda. Hata hivyo alihesabiwa, kwa kuwa barua ya kuombea udhamini hutaja wanachama wote nchini, wala si wale tu wafikao ukumbini. Na kwa hesabu hiyo mdhamini alikubali bei. Jina la muuguzi wa Tumati lilisaidia kuleta fedha, na kilichomrudia ni shajara iliyochelewa.

Hata hivyo, machapisho yaweza kuuzwa bila msomaji kuuzwa pamoja nayo, na ushahidi tunao. Chama cha Historia Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1966, kilitoa mfululizo wa vijitabu vilivyochapwa Nairobi na East African Publishing House. Na cha pili, cha mwaka 1967, kilikuwa cha mwanahistoria Walter Rodney juu ya Afrika ya Magharibi na biashara ya watumwa ya Atlantiki. Kilikuwa kijitabu chembamba, lakini mnunuzi alipata elimu kwa fedha yake, na karatasi ile iliweza kufika kwa posta mahali ambapo mhadhiri hakuwahi kukanyaga.

Nini basi kifanywe? Mapato ya udhamini na ya matangazo yasomwe peke yake katika mkutano mkuu, yasifichwe ndani ya jumla. Ukurasa uliolipiwa uandikwe wazi kuwa ni tangazo. Na fungu maalumu litengwe kwa mafunzo ya wilayani, kwa Kiswahili, yenye alama zilezile. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyo katika wilaya yetu ya Mbulu tangu mwaka 1955, ina mabingwa wa kufundisha. Siku moja ya mafunzo pale ingewafaa wauguzi wa Mbulu na Hanang kuliko mikoba mia. Najua idara itajibu kwamba wadhamini hawapendi kufika Haydom. Na wasifike; fedha waliyolipa Arusha ilipimwa kwa hesabu iliyomtia ndani mtu wa Tumati, kwa hiyo sehemu ya fedha hiyo ni mali ya mtu huyo. Dalali wa mnadani huchukua ujira wake na kumkabidhi mwenye ng'ombe kilichosalia. Wala hapajapata kusikiwa dalali aliyesifiwa kwa kuchukua vyote.

Nawasihi wanachama wa taaluma zote, hasa ninyi mlio baidi na miji: hesabu za mwaka zitakapoletwa mbele yenu, mwulizeni mweka hazina ni kiasi gani kilipatikana kwa majina yetu, na ni kiasi gani kilichorudi wilayani. Asipojibu, msizipitishe.