Aliyefungua Akaondoka

Katika kikao cha kamati ya tovuti ya madrasa yetu, kijana mmoja alitandaza ripoti ya Google Analytics, akashauri ukurasa wa nyakati za swala uondolewe, kwa kuwa wengi huufungua na kutoka papo hapo. Nusura tukubali.

Nikamwomba atufafanulie huko kutoka. Katika mfumo uliobaki tangu ule wa zamani ulipozimwa Julai 2023, ziara huhesabiwa kuwa ya maana ikizidi sekunde 10, au mgeni akifungua kurasa 2 au zaidi, au akitenda jambo mlilolitia alama kuwa muhimu, kama kutuma fomu. Isiyotimiza hata moja huandikwa kuwa ya mpita njia. Basi mama aliye jikoni, mkono mmoja umejaa unga wa sambusa, akichungulia saa ya Magharibi kisha akaiweka simu, ni mpita njia! Naye amekwisha pata alichokijia.

Tukaisoma ripoti upya, saa kwa saa: ziara za ukurasa ule zilipanda kabla ya alfajiri na kabla ya futari. Ukurasa tukauacha.

Ule wa kuandikisha watoto ndio ulionitia haya. Wazazi walikaa humo dakika nyingi, fomu zisitufikie. Tulipoufungua kwa simu ndogo, kitufe cha kutuma kilikuwa kimefunikwa na picha ya jengo letu. Nami nilikwisha kusema hadharani kwamba wazazi wameipuuza madrasa. Nawaomba radhi.