Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi: Ajiri watu wa kuwafuata walalao nje

Mheshimiwa Gavana,

Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamewekewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Siubezi mpango huo. Ila umejengwa juu ya kaya: kila mhamasishaji ana kaya zipatazo 100 za kupigia hodi. Anayelala kwenye veranda ya duka River Road hana mlango, kwa hivyo hayumo katika orodha ya yeyote. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Naomba kaunti iwaajiri, tena kwa ajira ya kudumu, wahudumu wa kuwafuata watu hao huko huko wanakolala.

Nasisitiza ajira ya kudumu kwa sababu kazi hii haitoshei katika mradi wa mfadhili. Chukua kifua kikuu. Kwa kawaida dawa humezwa miezi 6 bila kukatiza, na mgonjwa hupata nafuu mapema akadhani amepona. Mwenye nyumba atakumbushwa na mama au jirani. Wa mtaani anahitaji mtu anayejua kwamba asipoonekana kwenye mzunguko wa Globe asubuhi huenda yuko sokoni Gikomba anabeba mizigo, na anayeaminika kiasi cha kuambiwa kwamba vidonge vimeibwa pamoja na koti. Au chukua kitambulisho. Kijana aliyezaliwa mtaani akitimiza miaka 18 huulizwa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, kisha athibitishwe na chifu wa eneo lake. Eneo lipi? Bila kadi hiyo hasajili laini ya simu, na hata bima ya afya humpiga chenga. Mhudumu wa mkataba mfupi huondoka faili likiwa katikati. Anayempokea huanza upya na mtu aliyekwisha kuchoka kusimulia maisha yake kwa wageni.

Serikali zetu zimezoea njia nyingine: kanjo (askari wa kaunti), lori na giza. Mnamo 2019 watoto wa mitaani wa Nakuru walibebwa wakaachwa Chemususu, Baringo. Hapa Nairobi, mnamo 2003, wengi walitolewa mitaani, baadhi wakapelekwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, na wapo waliopata ufundi huko, nakubali. Lakini miaka 15 baadaye sensa ilipata idadi niliyoitaja. Tena tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika. Msako unaotegemea kosa la kuonekana maskini hauna pa kusimama.

Nitaambiwa huduma zitawavuta wengine mtaani. Hakuna anayetoroka kwao ili asaidiwe kujaza fomu. Wanasukumwa na kipigo, njaa, vifo vya wazazi na ubomoaji wa makazi. Malalamiko ya wafanyabiashara ni ya haki, maana kuosha kinyesi mlangoni kila alfajiri si mchezo, ila vyoo ndivyo vitakavyowatatulia hilo. Hoja nzito ni pesa. Lakini lori, mafuta na askari wa usiku nao ni pesa, ingawa hakuna anayezihesabu kama gharama ya familia za mitaani.

Sharti moja tu lisilegezwe: orodha ya mhudumu isifike kwa kanjo. Akionekana mara moja ndani ya gari lao, hakuna atakayemfungulia mdomo tena, na mgonjwa wa kifua kikuu atajificha mbali naye akiwa na kikohozi chake.

Waraka wa Mkakati wa Fedha hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari. Wahudumu hawa wawekwe humo chini ya mishahara, si chini ya miradi.