Hasira mbele ya mashini ya kung'arisha: tufanye nini?



Katika seksio ya mekanike kuna kazi moja inayofukuza watu kupita zote: kung'arisha rangi ya motokari kwa mashini. Kijana anafika atelye na furaha, anashika mashini, na nyuma ya saa mbili anaiweka chini kwa hasira. Mikwaruzo iko pale pale, ao imepunguka huku na kuongezeka kule. Wengine wanasema basi, hawana mkono wa kazi hii, na wanaomba kurudi kwa moteri. Sisi tunafikiri vingine. Hasira hiyo iko na dawa, na dawa yenyewe ni utaratibu.

Kwanza tujue tunagusa nini. Motokari nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980 ziko na rangi chini, na juu yake verni isiyo na rangi. Verni hiyo kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 mpaka 50 hivi, na mikroni 1000 ndizo zinafanya milimita moja. Unywele mmoja wa kichwa mara nyingi unaipita kwa unene. Kung'arisha maana yake ni kukwangua uso wa verni kidogo sana, mpaka mkwaruzo usionekane tena. Kile tunachoondoa hakirudi. Verni ikiisha, jua linakula rangi, na hakuna namna ingine isipokuwa kupaka upya kwa makuta mengi. Ndiyo maana mwenye hasira hapashwi kushika mashini: anakandamiza kwa nguvu, na kile anachomaliza ni mali ya mtu mwingine.

Sasa hasira inatoka wapi? Tunaona inatoka kwa kubadili mambo mengi mara moja. Mwanafunzi anaona mkwaruzo haujatoka. Anabadili eponji, anabadili dawa, anaongeza mbio ya mashini, anakandamiza, yote pamoja. Ikifaulu hajui nini imesaidia. Ikishindikana hajui nini imeharibu. Kesho anaanza tena toka sifuri. Mtu wa namna hiyo anaweza kumaliza mwaka mzima bila kujifunza kitu.

Shauri letu ni hili. Osha kapo vizuri, kausha, kisha uzungushe kipande kimoja cha sentimita 50 kwa 50 kwa karatasi ya kunata. Anza na eponji laini na dawa isiyo kali. Pitisha mashini pole pole, sentimita mbili ao tatu kwa sekunde, kila mstari ufunike nusu ya mstari wa mbele yake, mara nne ao tano. Pangusa, angalia. Kama haitoshi, badilisha kitu kimoja tu: eponji ngumu kidogo, lakini dawa ile ile. Angalia tena. Andika yote ndani ya kaye. Ukiona namna inayofaa, njo unaendelea na motokari nzima kwa namna ile ile.

Tena kuna mambo mengi tunayoita ukosefu wa akili, kumbe ni mambo ya kawaida tu. Mashini ile inayozunguka na kutikisika pamoja, ukiikandamiza sana, eponji inaacha kuzunguka na kazi haifanyiki. Weka alama ya kalamu pembeni ya sahani inayoshika eponji, utaona kama inazunguka. Mashini ingine, ile inayozunguka tu mahali pamoja, inaleta moto na inaweza kuunguza verni upesi, zaidi kwenye pembe, mahali verni ni nyembamba. Huko fungia karatasi ya kunata. Kapo likipigwa na jua, dawa inakauka mbele ya kufanya kazi. Eponji ikijaa vumbi la kiangazi, inaleta mikwaruzo mipya. Umeme ukipunguka, mashini inakosa nguvu. Mbele ya kujihukumu, tupime mambo haya moja moja.

Kuna jambo ingine la kusema wazi, kwa sababu tuko katika masomo ya kanisa. Kuna dawa za mafuta mafuta zinazojaza mikwaruzo. Motokari inang'aa, mwenyewe anafurahi, analipa. Nyuma ya kuoshwa mara chache, mikwaruzo yote inatokea tena. Aliyechoka na kazi anajaribiwa sana kufanya vile. Lakini kutoza makuta ya kazi isiyofanyika ni wizi, hata kama kioo kinacheka. Pangusa kipande kwa alkoli iliyochanganywa na maji, toa motokari kwenye mwangaza, na uone ukweli mbele ya mwenye mali kuuona. Na mkwaruzo unaoshika ukucha ukiupitisha juu yake, mara nyingi uko na kina kikubwa. Usiufukuzie mpaka chini. Mwambie mwenye motokari: huu tunaweza kuupunguza, hatuwezi kuutoa. Maneno hayo hayapunguzi heshima ya fundi.

Wengine watajibu kwamba wateja wanangoja, hakuna wakati wa vipande na kaye. Tunawauliza: kujaribu kipande kimoja ni nusu saa hivi, kupaka kapo upya ni siku ngapi? Na wenzetu wa seksio zingine wanaocheka kwamba hii ni kazi ya wasiojua hesabu, waangalie ginsi mwalimu wa fizikia anavyofanya majaribio. Anageuza kitu kimoja, vingine anaviacha vilevile. Ni akili ile ile, na anayeipata atelye ataitumia hata kwa interogasio ya algebra.

Tunamaliza kwa maombi mawili kwa walimu wetu. La kwanza: tutafutiwe makapo ya zamani ya motokari zilizokufa, tujifunzie juu yake. Kuko garaji mjini ambako mwanafunzi wa staji anapewa motokari ya mtu siku ile ya kwanza. Akiogopa anatetemeka, akitetemeka anaharibu, na hapo anasema kazi si yake. La pili: pointi zisitolewe kwa kung'aa peke yake, bali pia kwa kaye inayoonyesha kila jaribio.

Na wewe mwenzetu uliyeacha mashini wiki iliyopita, rudi. Chukua kapo bovu, eponji laini na kalamu. Anza na kipande kimoja.

Wanafunzi wa seksio ya mekanike