Mpiga Besi na Fungu Lake

Arusini hapa Mombasa atuzwaye ni mwimbaji wa taarabu. Kina mama huja wakicheza wakamtia noti mkononi. Mpiga besi yuko nyuma, hana amwonaye. Lakini mnyamazishe yeye, wimbo mzima utapwaya. Wengi wao mchana ni mafundi au makuli, usiku hupiga kwa mapenzi, na nauli hujilipia wenyewe. (Uhalali wa muziki nawaachia mashekhe.)

Mimi mtungaji, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 yanilindia shairi langu uhai wangu wote na miaka 50 baada yake. Sheria hiyo hiyo yampa haki na mpigaji: asirikodiwe bila ya idhini yake. Ila kundi likivunjika na wimbo ungali wauzwa mtandaoni, asiye na karatasi atamdai nani?

Nasi tuliopitia chuoni twaijua aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote, iamrishayo deni liandikwe mbele ya mashahidi. Tukiuza shamba twaikumbuka. Tukipanda jukwaani twaisahau. Ukurasa mmoja wa daftari watosha: tuzo zagawanywaje, gitaa likiharibika nani alipa, na rikodi ni mali ya nani.